Ulimi wa Kichochoro

Mwezi wa Ramadhani, katika kichochoro kimoja cha Kibokoni, Mombasa, ndimi zote zilifunga ila moja, na hiyo moja ilikuwa ya Dama. Jambo hilo halikuandikwa popote wala hakuna mzee aliyelipitisha. Lilizuka tu, likazoeleka. Ikifika saa kumi alasiri, harufu ya nazi na bizari ikitoka kila dirisha, wanawake walianza kuleta vibakuli nyumbani kwa Bi Mishi. Huyu mchuzi wa samaki, huyu kunde za nazi, huyu mbaazi. Dama alikaa kwenye kigoda ukumbini, kijiko mkononi, akilamba na kutoa hukumu kama kadhi. Bado chumvi. Ndimu imezidi. Hapo hapo, epua. Mwenye bakuli aliondoka mbio kwenda kurekebisha kabla ya adhana, na wa pili akasogea.

Utasema, mbona sheria yamruhusu mpishi kuonja kwa ncha ya ulimi akatema? Yamruhusu, na Bi Mishi aliijua sheria hiyo kukushinda wewe. Lakini alikuwa akisema, ya nini kuichezea saumu, na Mola ametupa Dama? Dama alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na aliingia nyumba ile kufanya kazi akiwa na miaka kumi na tisa. Sasa alikuwa na arobaini na miwili. Ulimi wake haukuwa na mchezo. Aliweza kukwambia kama mchuzi wako umetiwa chumvi ya mawe au ya unga, na kama nazi yako ilikunwa leo au jana, hata ungeapa.

Lakini mwaka ninaousimulia, mwaka wa mvua za Elinino, Ramadhani iliyoingia pamoja na Januari ya tisini na nane, ulimi huo ulikuwa umekufa ganzi, na aliyejua ni mwenyewe Dama peke yake.

Ulikufa Oktoba. Dama alikuwa na binti mmoja tu, Cynthia, wa miaka kumi na sita, aliyekaa naye katika chumba cha chini cha nyumba ya Bi Mishi. Mtoto mrefu, mdomo mwingi, mwizi wa maembe. Jumanne aliamka na homa. Alhamisi akalazwa. Ijumaa kabla ya saa sita mchana akawa hayupo, na mvua yanyesha. Walimpeleka Kaloleni katika gari lililokwama njiani mara mbili, wakamzika nyuma ya jiko la bibi yake, na katika siku zote za matanga Dama hakutoa chozi hata moja. Wanawake walimwangalia, wakaanza kunong'onezana. Mmoja alimfinya mkono kumsaidia kulia. Dama aliutazama mkono wake, akaona alama ya kucha, akaendelea kukaa.

Siku ya tisa alirudi Mombasa, akaosha vyombo. Jioni alitia uji kinywani, akauona ni chokaa ya ukutani. Akatia sukari, ikawa chokaa. Akachukua donge la chumvi akalibugia kama lilivyo, likakaa ulimini kama kokoto. Hakuogopa. Alilitema, akafuta meza, akaenda kulala, na mtu mwenye akili zake angeogopa hapo hapo.

Kulikuwa na jambo jingine. Kwa miaka kumi na sita kichochoro kizima kilimwita Mama Cynthia. Tangu msiba, jina hilo lilitoweka vinywani mwa watu kwa pamoja, kama waliopatana. Wakubwa wakamwita Dama, watoto wakamwita shangazi. Walidhani wamfanyia wema. Dama aligundua, akaona hiyo nayo ni chokaa nyingine.

Sasa, Swafiya, mjukuu wa Bi Mishi aliyelelewa katika nyumba ile, alikuwa aolewe mara tu baada ya Idd, tarehe kumi ya Mfungo Mosi. Na harusi ya nyumba ile bila achari ya embe ya Bi Mishi haikuwa harusi, ilikuwa mkutano. Zena, binti yake Bi Mishi aliyeolewa Bondeni, alikuja mapema kuhimiza. Alitazama huku na huku, akamtazama Dama akipepeta mchele uliokwisha kupepetwa, akamwambia mamake bila kuteremsha sauti kwamba anaye msichana mmoja, Kavumbi, mwepesi wa mkono, na kwamba huyu Dama siku hizi afanya kazi kama aliyelala. Bi Mishi akasema watazungumza baada ya harusi, waone kwanza achari itatoka vipi. Dama aliyasikia yote. Akaelewa kwamba achari ikiharibika yeye atarudi Kaloleni, kwenye lile jiko, na nyuma ya jiko lipo kaburi. Hilo tu ndilo lililompenya. Mengine yote yalipita nje ya ngozi.

Lazima nikueleze hiyo achari, usije ukadhani ni ile ya chupa. Bi Mishi hakuruhusu iuone moto. Achari iliyopikwa, kwake, ilikuwa mchuzi uliokosea njia. Maembe huwa machanga, mabichi, magumu ya kulia chini ya kisu. Hukatwa vipande pamoja na ganda, vikasuguliwa chumvi ya mawe, vikaachwa usiku kucha vitoe maji. Kisha huanikwa juu ya dari kwenye nyungo, jua kali la siku nne au tano, mpaka kipande kikikunjwa kikunjike kama ngozi ya kiatu na kisivunjike. Ndipo hutiwa pilipili ya kusaga, kitunguu thomu, haradali na siki, vikafungiwa mtungini. Hakuna mashine, hakuna jiko. Kuna chumvi, jua na ulimi wa kupima. Na kwa kuwa Bi Mishi alikuwa na presha, na daktari alimkataza chumvi miaka kumi iliyopita, hata baada ya magharibi ulimi wa kupima ulikuwa wa Dama.

Ramadhani ikaingia, vibakuli vikaja. Dama alikaa kwenye kigoda chake. Bakuli la kwanza lilikuwa la mke wa fundi saa wa mkabala. Akalamba, akangoja, hakuona kitu. Moyo haukumwenda mbio wala nini. Akasema, "Hapo hapo, epua." La pili, hapo hapo. La tatu, hapo hapo. Akaona ndilo neno jepesi kuliko yote, halina ugomvi.

Basi kichochoro kizima kikaanza kufuturu vituko. Leo mchuzi wa chumvi tupu, kesho kunde zisizo na chumvi hata ya dawa. Na hakuna aliyesema. Mwanamume gani mwenye adabu atatoa makosa ya futari? Watu walikula, wakamshukuru Mungu, wakanywa maji gudulia kwa gudulia, wakaenda kusali tarawehe matumbo yakicheza. Kila mwanamke aliamini kwamba mkono wake ndio ulioharibika, maana Dama ameonja, na Dama hakosei. Mke wa fundi saa alifika hata kumuuliza jirani, kwa siri, kama kuna dua ya mpishi. Nacheka sasa, lakini wakati ule hakuna aliyecheka.

Katikati ya mwezi Bi Mishi aliletewa magunia mawili ya maembe. Dama aliyakata alasiri nzima, akayasugua chumvi, akayafunika katika sufuria kubwa jikoni. Alfajiri alipofunua aliona vipande vimelala katika maji. Akasimama. Je, jana alitia chumvi, au alikata tu akafunika? Siku zile alikuwa hivyo. Alioga na baadaye akajikuta bombani tena na taulo begani. Alifunga mlango, akarudi kuufunga. Kuhusu maji, jiko lilikuwa likivuja kila mahali tangu Oktoba, kwa hiyo yale maji yangeweza kuwa ya mvua. Zamani angetia kidole, akalamba, yakaisha. Alitia kidole akalamba. Hakuna. Basi akamwaga maji, akachota chumvi, akavisugua vipande upya, kwa bidii, kama mtu anayefidia uzembe.

Kisha ikawa kazi ya jua. Jua gani? Lilitoka robo saa, Dama akapandisha nyungo darini. Kabla hajageuka, wingu. Akateremsha. Likatoka tena, akapandisha. Ngazi za nyumba ile ni za mawe na zimesimama wima, na siku ya kwanza alizipanda mara kumi na nane. Siku ya tatu vipande vilikuwa vikiteleza kwa utelezi. Majirani walioanika zao walishazimwaga, zimeota ukungu mweupe. Bi Mishi alikaa akihesabu tasbihi, akiinua macho kila nyungo zilipopita.

Dama ndiye aliyeukumbuka ukuta. Chumba chake cha chini kilishirikiana ukuta na tanuri la duka la mikate, na mwezi wa Ramadhani tanuri halikuzimwa. Ukuta ulikuwa wa moto vizuri, wa kuegemea mgongo, na yeye alikuwa akiuegemea kila siku bila kuuwaza. Kitanda kilichokuwa kimegusana nao kilikuwa cha Cynthia. Hakuna aliyekilalia tangu Oktoba. Alipigilia misumari juu yake, akatunga vipande kwa sindano ya gunia, uzi baada ya uzi, akaacha mlango wazi upepo upite. Zamani kazi ya kutunga ilikuwa ya Cynthia, na kila vipande vitano kimoja kilipotea njiani kwenda tumboni. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa habari, kabla mtu hajamuuliza: Mama, chumvi kidogo. Mama, leo chumvi umetupiga nayo. Mamake alikuwa akimchapa kwa kipande cha kanga, huku akienda kurekebisha.

Sasa nyuzi zilining'inia juu ya godoro tupu, na Dama alilala kitanda cha pili akizitazama. Alijua kwamba ni jambo la kumuumiza mtu. Alilijua kama anavyojua kwamba Nairobi iko mbali.

Siku ya sita vipande vilikunjika bila kuvunjika. Safi, si doa. Habari zikaenea, wanawake wakaja kuona maajabu ya ukuta, na Bi Mishi akasema mbele ya Zena kwamba wallahi mkono wa Dama haujapata kutokea. Zena akaguna. Dama aliteremsha nyuzi, akaanza kuchanganya pilipili na siki. Alisikia kwamba amesifiwa, na kwamba huenda asirudishwe, akapumua kidogo.

Mwezi ulipofika siku ya ishirini na saba, baada ya magharibi, Swafiya alipita akachomoa kipande kimoja cha mtungini, kama wafanyavyo wasichana. Dama alikuwa akimtazama usoni. Alimwona akitafuna mara moja, akasimama. Machozi yakamlengalenga. Akameza, akamshukuru shangazi, akasema ni nzuri sana. Halafu akaenda kwenye gudulia akanywa bilauri tatu za maji moja juu ya nyingine. Dama alizihesabu. Akauelewa ule uso, akaukumbuka uso wa kila aliyekuja na bakuli siku ishirini na saba, na akaelewa kwamba yale maji ya sufuria alfajiri ile yalikuwa ya chumvi, si ya mvua.

Bi Mishi naye alikuwa ameona. Hakuuliza. Alisogeza mtungi, akachukua kipande, na kabla Dama hajamzuia akakitia kinywani, presha yake na daktari wake pamoja. Akakitema kwenye kiganja. Akasukutua kwa maji, polepole, kama anayetawadha.

"Ulionja, Dama?"

"Nilionja."

"Ukaonaje?"

Hapo angeweza kusema neno lake jepesi. Lilikuwa tayari mdomoni. Dama aliangalia mikono yake iliyopakaa pilipili na isiyomwasha.

"Sikuona kitu, Bi Mishi. Sioni ladha ya chochote tangu kumzika mtoto. Chumvi nafikiri nilitia mara mbili. Na hivi vibakuli vya watu, vyote niliwaambia hapo hapo."

Bi Mishi aliufunika mtungi. Yaelekea alianza kukumbuka futari za kichochoro, na watu walivyokuwa wakinywa maji, kwa sababu mabega yalimtikisika na ilibidi afunike mdomo kwa mtandio. Kisha kicheko kikamkauka.

"Na kulia, umelia?"

"La."

Dama akaongeza, kwa sauti ile ile ya kuagiza mkaa, kwamba kama ni Kavumbi aletwe, yeye hana neno. Ila apewe wiki moja atafute pa kwenda. Kaloleni harudi. Kaburi liko nyuma ya jiko, na yeye kule atapika akiliangalia.

Bi Mishi aliinuka akishika magoti, akakunja mikono ya kanzu, akaomba beseni kubwa na maji ya mtungi, si ya mfereji. Wakaviosha vile vipande wawili, maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, wakavikamua katika kitambaa cha mericani, wakavitunga tena, wakavirudisha ukutani juu ya kitanda. Kila jioni baada ya futari mwanamke yule wa miaka sabini alionja kipande akatema, akasema bado, au kidogo tena. Aliwatangazia wanawake wa kichochoro kwamba Dama aumwa na jino, kwa hivyo siku zilizobaki kila mtu atie chumvi kwa jicho. Ajabu ya Mungu, futari zikatengenea. Zena hakuambiwa chochote.

Harusi ikafika, na mvua ikawapa siku mbili za rehema. Nyumba ilijaa wanawake chini na juu, na ukumbini wanawake wa vugo walikuwa wakigonga pembe zao na kuimba. Masinia ya biriani yakapita, na vibakuli vya achari kando. Wakwe, watu wasioridhika kirahisi, walimaliza achari kabla ya nyama, wakaagiza nyingine. Dama alikuwa amesimama mlangoni na sinia lake alipomsikia mama wa bwana harusi akiuliza kwa sauti achari hii ni ya nani. Zena akafungua mdomo kumtaja mamake.

"Ni mkono wa Mama Cynthia," Bi Mishi akasema. "Yule pale."

Wale wa kichochoro wakageuka wote kumtazama. Dama aliweka sinia chini. Hakuna aliyemtuma, lakini alishuka ngazi akaingia chumbani mwake. Nyuzi zilikuwa zimeisha ukutani. Kitanda cha Cynthia kilikuwa kitupu, kimekunjwa shuka. Nyuma yake, baina ya mbao na ukuta, aliona uzi mmoja ulioanguka siku ile ya kwanza ya kuteremsha, ambao haukuoshwa. Akauvuta. Akachomoa kipande akakitia kinywani, kwa mazoea tu, kama alivyoonja vitu elfu.

Chumvi ikampiga. Ilimpanda puani, ikamkunja uso, ikamtoa mate. Akakitema kwenye kiganja.

"Cynthia, chumvi yote hii, na wewe umenyamaza tu?"

Alilisema kwa ukali, akigeukia kitandani, mkono umeshashika ncha ya kanga. Hakukuwa na mtu. Alingoja jibu, kweli alingoja, na halikuja. Alianguka juu ya godoro lile, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya miezi minne.

Kulia ndani ya nyumba ya harusi ni mkosi, kila mtu wa mji ule ajua. Sauti ilipanda ngazi ikafika ukumbini, na Zena akasimama uso umemwiva. Bi Mishi alimtangulia. Alishuka, akauvuta mlango wa chumba akaufunga kwa nje, akauegemea kwa mgongo, kisha akawaita wanawake wa vugo waje pale pale chini.

"Gongeni hapa," akawaambia. "Na msinyamaze mpaka niseme."

Wakagonga, wakaimba. Waligonga mpaka mikono ikawauma, na Bi Mishi hakusema.